Daktari wa kibinafsi pia aripoti TB

Mfugaji anayekohoa akifika mjini Garissa, huenda akapitia kwanza kliniki ya kibinafsi au duka la dawa. Hununua dawa ya kikohozi, kisha huwafuata ngamia wake. Ikiwa ni kifua kikuu, hakuna aliyeandika jina lake wala atakayemtafuta.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inamtaka kila daktari, hata wa kibinafsi, kumwarifu afisa wa afya anapogundua ugonjwa huu. Wengine husita wakihofia kupoteza mteja. Hofu hiyo haina msingi: mgonjwa anaweza kubaki na daktari wake, huku dawa za miezi sita zikitolewa na serikali bila malipo.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2016 ulionyesha kwamba takriban wagonjwa 4 kati ya 10 nchini hawakuwa wamegunduliwa au kuripotiwa.

Huko Wajir, mwaka 1976, Annalena Tonelli kutoka Italia alianzisha manyatta ambamo wahamaji waliishi karibu na matibabu hadi wamalize dawa. Aliyekosa kipimo siku moja alionekana mara moja. Mgonjwa wa kliniki ya kibinafsi hana manyatta. Ana jina lake kwenye rejista tu, likiandikwa.

Msomaji, ukikohoa kwa zaidi ya wiki mbili, omba makohozi yako yapimwe. Ukipatikana na TB, uliza kama umeandikishwa, na kabla ya kuhama mwachie mhudumu jina la kisima utakakonywesha mifugo.