Panya Anayepoa

Mtoto akishikwa na malaria huchemka. Panya mweupe wa maabara, akishikwa na malaria, hupoa. Joto lake akiwa mzima ni nyuzi 37 hivi, kama letu, lakini vimelea vikishamjaa damuni huanza kushuka, na haoni homa hadi anakufa. Siku hiyo ikikaribia, ukimchukua mkononi ni kama umeokota kitu kilichosahauliwa barazani usiku kucha.

Sikuwa na habari hiyo. Nilikwenda kwenye maabara ya chuo kimoja jijini Dar es Salaam kufuatilia mitishamba: nani anaipima, na anaipimaje hata aseme hii inafaa na ile ni maji ya majani tu. Mitishamba yenyewe itasubiri makala nyingine, maana muda wangu wote uliishia kwa mwanamke anayewatunza panya wa majaribio. Wanafunzi wanamwita Mama. Nami nitamwita hivyo, kwa kuwa aliniomba nisitaje jina lake wala la chuo.

Chumba chake ni kirefu na chembamba. Kuna rafu za vizimba vya plastiki vyenye mifuniko ya waya, maranda ya mbao chini, chupa za maji zilizopinduliwa juu. Harufu ya mkojo unaizoea baada ya robo saa. Shati lako linaondoka nayo hadi nyumbani. Kila asubuhi, kabla hajabadilisha maji, Mama hupita kizimba kwa kizimba. Hamkamati panya mkia. Huingiza mkono taratibu, kiganja juu, akasubiri. Panya hunusa, hurudi nyuma, hunusa tena, kisha hupanda mwenyewe. Hapo Mama humfunika kwa kiganja cha pili na kutazama pembeni, ukutani, kana kwamba amesahau alichoshika.

“Nikimtazama ninajidanganya,” alisema. “Macho yanaona panya mweupe, basi. Mkono ndio unaojua.”

Anavaa glavu nyembamba, na anasema glavu haizuii baridi. Dalili nyingine anazijua zote: manyoya kusimama, mgongo kupinda, macho kufumba nusu, kukaa kona peke yake wenzake wakiwa wamelaliana. Ila kwa mazoea yake hizo huchelewa. Miguu hutangulia kupoa, halafu tumbo. Tumbo likipoa huandika namba ya panya huyo kwenye kijidaftari chake na kumwambia mwanafunzi mwenye jaribio: huyu ni kesho. Mwanafunzi mmoja niliyemkuta pale aliniambia hajawahi kumwona akikosea kwa zaidi ya siku moja.

Kisha akaniambia nishike. Aliniwekea panya mzima mkono wa kulia, mgonjwa wa kushoto. Wa kulia alikuwa na joto, mzito kuliko nilivyotegemea, moyo ukimwenda mbio kiasi kwamba mapigo hayahesabiki, na hakutulia hata kidogo. Wa kushoto alikaa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na tumbo lilikuwa halijapoa bado. “Huyo ana siku mbili,” Mama alisema, akamchukua kabla sijajua la kusema.

Hilo la kutokamata mkia lina ushahidi wake. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Jane Hurst na Rebecca West, walionyesha kwamba panya wanaoinuliwa kwa mkia huwa na wasiwasi kuliko wanaochukuliwa kwa kiganja au kwa bomba wanaloingia wenyewe, na mnyama mwenye wasiwasi hutoa matokeo yasiyoaminika. Mama alisimuliwa na mwanafunzi. “Yaani mpaka chuo kikuu?” aliuliza, akacheka mpaka akajishika kiuno.

Ugonjwa wenyewe ulitoka kwa jirani zetu. Kimelea kinachotumika katika majaribio haya, Plasmodium berghei, kilipatikana Katanga, Kongo, katika damu ya panya wa vichakani, na Ignace Vincke na mwenzake Lips wakakitangaza mwaka 1948. Hakiambukizi binadamu. Kilitiwa ndani ya panya weupe, kikazunguka maabara za dunia. Oktoba 4, 1971, huko Beijing, Tu Youyou na wenzake walijaribu dawa waliyoikamua kwa etha kutoka katika mmea wa qinghao. Panya wenye kimelea hicho cha Katanga walisafika damu yote, na baadaye kima walioambukizwa malaria ya aina nyingine vilevile. Mwaka uliofuata Tu na wenzake waliinywa wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Kutokana na mmea huo ilipatikana artemisinini, na kutokana na artemisinini tuna dawa mseto tunayopewa zahanati. Kila aliyewahi kuimeza ana deni kwa panya, apende asipende.

Mama hana ubishi na hilo. Mwanawe wa kwanza alipatwa na degedege miaka ile klorokwini ilipokuwa imeanza kushindwa, akambeba usiku hadi hospitali, akapona. Sasa ni fundi umeme. “Anayesema panya waachwe hajawahi kushika mtoto anayekakamaa,” alisema. Ubishi wake uko kwingine, na nilichukua muda kuuelewa.

Jaribio la kawaida linakwenda hivi. Panya huchomwa sindano ya tumboni yenye damu ya mwenzao mgonjwa. Hugawanywa makundi, mara nyingi watano watano. Makundi kadhaa hupewa mtishamba kwa vipimo tofauti, moja hupewa dawa inayojulikana, na moja halipewi dawa yoyote. Siku nne wanapewa, kisha ncha ya mkia hutobolewa, tone la damu hupakwa kwenye kioo, na mwanafunzi huhesabu vimelea kwa darubini. Hapo jibu kubwa limeshapatikana: mtishamba umepunguza vimelea au haukupunguza.

Lakini jaribio mara nyingi haliishii hapo. Panya huachwa, pengine hadi siku ya 30, ili ihesabiwe kila mmoja ameishi siku ngapi. Wasiopewa dawa hutangulia, wengi ndani ya wiki moja au mbili. Namba hiyo huingia kwenye jedwali la tasnifu. Jambo lililonikaa ni kwamba katika tasnifu hizohizo kuna safu nyingine, ya joto la mwili. Wanapima joto! Wanalipima siku ya kwanza na ya tano, wanaandika kwamba mtishamba fulani umezuia kupoa, kisha wanamwacha aliyepoa afe kwa wakati wake.

“Mimi ninajua kesho anakufa,” Mama alisema. “Kipimajoto chao kinajua. Huo usiku mmoja unamfundisha nani?”

Nilimwuliza kuhusu sheria na kamati. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na vyuo vina kamati za maadili. Tangu kitabu cha Waingereza Russell na Burch cha mwaka 1959 watafiti wamefundishwa mambo matatu: kutafuta njia isiyotumia mnyama, kupunguza idadi, kupunguza maumivu. Mama alisema kamati huuliza idadi ya panya na namna watakavyouawa mwishoni. Kwake hakuna aliyewahi kuja kuuliza lolote. “Hawa viumbe nitaulizwa mimi, si profesa,” alisema, na hakuwa anazungumzia kamati.

Njia isiyotumia panya ipo, angalau kwa mchujo wa mwanzo. Tangu 1976, Trager na Jensen walipofaulu huko New York, malaria halisi ya binadamu huoteshwa ndani ya vyombo kwa kutumia damu ya watu. Mitishamba isiyofaa ingeweza kuishia humo. Ila inataka kabati la joto, gesi, virutubishi vya kuagiza nje na umeme usiokatika wikiendi nzima. Panya wanataka maranda na Mama. Sina hakika tungekuwa na mjadala huu wa maadili iwapo bei zingekuwa zimegeuzwa.

Halafu kuna swali ambalo hata wataalamu hawajalimaliza. Aina moja ya kimelea kile cha Katanga huwapa baadhi ya panya ugonjwa wa ubongo, wakakakamaa na kufa, na maabara nyingi zimeutumia kama mfano wa malaria inayoua watoto wetu. Mwaka 2010 kundi la watafiti, akiwamo Nicholas White, liliandika kwamba mfano huo unapotosha: kwa mtoto, chembe nyekundu zenye vimelea ndizo zinazoganda kwenye mishipa ya ubongo, kwa panya zinazoonekana zaidi ni chembe nyeupe. Wengine waliwapinga vikali. Nilimsimulia Mama, akanyamaza kidogo. “Degedege bila homa,” alisema. “Mimi sijasoma, lakini hilo nimejiuliza zamani.” Kama si ugonjwa mmoja, wale waliokufa kwa ajili yake walituambia nini?

Yeye ana pendekezo dogo: ile safu ya siku za kuishi iandikwe siku panya alipopoa, naye auawe saa hiyohiyo bila kuteseka. Tofauti kati ya mtishamba na mtishamba bado itaonekana. Mwanafunzi niliyemkuta pale anakubaliana naye kabisa, ila anaogopa. Machapisho yote atakayojilinganisha nayo yamehesabu hadi kifo, na mtahini atauliza namba yake inalinganishwa na nini. Nilimwambia hilo si jibu kwa Mama. Alisema anajua, na kwamba angemuuliza msimamizi wake kabla jaribio lijalo halijaanza. Makundi matano, panya watano kila kundi. Hadi naandika haya hajamuuliza.