Waombaji Kazi Tele, Bondeni Nani Atakaa?

Mwanzoni mwa 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilikuwa na nafasi 1,596 za ajira. Walioomba walikuwa 135,027. Ukiisoma hesabu hiyo ukiwa Mazwi, katikati ya mji wa Sumbawanga, utaona kwamba Serikali haiwezi kukosa watumishi hata vizazi viwili vijavyo. Lakini ukishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze, Mtowisa au Ilemba, kwenye joto la Bonde la Ziwa Rukwa, swali linakuwa jingine: nani atakubali kukaa huku?

Mwalimu au muuguzi mgeni huripoti kituoni, na haupiti muda anaanza kuulizia uhamisho au mtu wa kubadilishana naye kituo. Si mvivu. Nyumba ya kupanga ni ya shida, mwenzi wake kaajiriwa mkoa mwingine, na mtoto akizidiwa, hospitali ya rufaa iko juu mjini.

Nchi hii iliwahi kulijibu swali hilo. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu vijijini huku wakifundisha. Walimu hao wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, walibezwa kwa elimu yao ndogo, na si bure. Hata hivyo, aliyefundisha karibu na kwao alikuwa na shamba, wakwe na wajukuu palepale. Uhamisho wa nini? Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1976 alitimiza 60, umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka 2016.

Mwaka huohuo elimu bila ada ilianza, madarasa yakafurika. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2016, asiporudia darasa, anafika mwisho wa kidato cha nne 2026. Rukwa, iliyohesabu watu 1,540,519 katika Sensa ya 2022, ina vijana wa aina hiyo hadi bondeni, na wana kiwango cha elimu ambacho mwalimu wa UPE hakukipata.

Basi halmashauri ziwasomeshe vijana hao ualimu, uuguzi na ugani kwa mkataba wa kurudi kutumikia kwao, na zijenge nyumba za watumishi kabla ya kuomba watumishi wapya. Barua ya ajira humfikisha mtu kituoni, haimfanyi akae.