Besi Kavu Inayokubali Nailoni

Besi kubwa la kusimama na daladala haviivani. Kondakta akiniona nalo kituoni, anagonga bodi gari iondoke. Ndiyo maana nikanunua besi kavu, lile gitaa nono lenye tundu kifuani, nipate la kubeba begani kwenda kwenye harusi.

Lilikuja na nyuzi za chuma zilizozungushiwa shaba. Wimbo wa kwanza tu, mpiga udi akanigeukia. Udi wake ni nailoni, unadondoka mviringo. Mimi nyuma yake nakwaruza, kila kidole kikiteleza kinapiga mluzi. Nikaagiza nyuzi za nailoni bila kulipima gitaa. Kosa ni langu.

Fundi wetu wa udi aliutwaa uzi wa mi, ule mnene kuliko wote, akaulaza juu ya mfupa wa shingoni. “Maalim, huu utaupitisha wapi?” Unene wake unakaribia milimita 3, na mfereji ulichongwa kwa uzi mwembamba zaidi. Alisugua kwa msasa uliokunjwa kwenye kipande cha waya, anapuliza vumbi, anajaribu tena, asubuhi nzima. Ukizidisha kina, uzi unagonga vyuma vya shingo, na mara nyingi dawa ni mfupa mpya.

Sasa nikienda dukani nabeba sumaku ndogo. Nyuzi nyingi nyeusi ziitwazo za nailoni ni chuma kilichovikwa utepe wa nailoni. Sumaku ikinasa, chuma kimo. Hizo hata pikapu ya sumaku inazisikia. Zenye moyo wa nailoni haizisikii. Zinataka piezo, ile inayokaa chini ya mfupa wa daraja na kuhisi mtikisiko wenyewe. Mimi nachukua zenye chuma ndani: ni tulivu vya kutosha kukaa na udi, na hazilegei ovyo.

Kulegea ndiko kunakowaponza wengi. Besi ndefu ina sentimita 86 kutoka mfupa wa shingoni hadi darajani, fupi ina 76. Funga uzi uleule, sauti ileile, kwenye ile fupi: mvutano unapungua zaidi ya moja ya tano. Nailoni ambayo tayari ni laini inakuwa kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo nachagua ndefu, japo mkono unalalamika. Hata hiyo, mvutano ukipungua shingo hurudi nyuma na nyuzi huanza kunguruma. Fundi hulegeza kidogo fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo.

Kuhusu kasha, msidanganywe na neno “kavu”, yaani la bila umeme. Mi ya chini hutetema mara 41 kwa sekunde, na kifua cha gitaa ni kidogo mno kuisukuma. Ernie Ball wa California, aliyetoa besi kavu yake ya Earthwood mwaka 1972, alianzia kwenye guitarrón ya wapiga mariachi wa Meksiko, na kasha lake lilikuwa nene kweli. Langu ni jembamba, basi nachomeka waya.

Harusi iliyopita, Mwembetanga, mpiga udi hakugeuka. Aliyegeuka ni bibi mmoja mstari wa mbele, akitafuta lile besi kubwa lilikofichwa.