Maradhi ya Njia ya Mkojo Yanayorudi

Mwanamume aonaye uchungu akojoapo, au usaha, kisha hali hiyo ikamrudia baada ya dawa, mara nyingi hurudi dukani kununua dawa ile ile. Hivyo ni kupoteza fedha. Penisilini huua vijidudu kwa kuharibu ukuta unaovizunguka. Lakini mikoplasma jenitaliamu, kijidudu kilichopatikana kwa wagonjwa wa London mwaka 1980, hakina ukuta huo, basi penisilini haikidhuru. Yampasa mgonjwa apimwe hospitali, apewe dawa inayofaa, aimalize, naye mkewe atibiwe pamoja naye. Wangapi huambukizwa upya nyumbani, wakailaumu dawa! Watibiwao hivyo wengi wao hupona. Wakawiao huenda njia ikasongwa na kovu, likahitaji kupanuliwa au kupasuliwa.