Kisigino cha Mguu na Kisigino cha Kiatu

Katika Kiswahili, kisigino ni sehemu ya mguu na pia ni sehemu ya kiatu. Kadhalika ulimi: upo kinywani, upo na kiatuni chini ya kamba. Unyayo, hata hivyo, haukuhama. Hapo tumeazima soli kutoka Kiingereza. Msuruaki wa mtalawanda na gidamu ya makubadhi, ingawa hukaa baina ya vidole, havikupata majina yao mwilini.

Je, kushiriki jina ni kushiriki hadhi? Sarufi yakana. Twasema 'Juma amevunjika mguu', na vilevile 'Kiatu kimevunjika kisigino'. Lakini 'Juma amevunjika kiatu' hatusemi, ijapokuwa kiatu ki mguuni. Tutasema 'Kiatu kimemvunjikia'. Tena, 'Juma amevunjika kisigino' humfanya msikilizaji afikirie mfupa tu. Muundo huu, basi, wadai nomino ya pili iwe sehemu hasa ya ile ya kwanza, kuvaliwa hakutoshi.

Kwa hiyo kamusi inayokieleza kisigino kuwa 'sehemu ya nyuma ya mguu au ya kiatu' chini ya nambari moja imeunganisha maana mbili ambazo sarufi huzitenga.