Jasusi Sebuleni Mwetu



Wazazi wengi miongoni mwetu huuhukumu mchezo wa video kwa kuutazama kutoka mlangoni: milio ya bastola, watu wanaanguka, mtoto amekodoa macho. Hukumu ya namna hiyo ni sawa na ya kadhi aliyesikiliza upande mmoja. Mwezi huu tumeonelea tuketi na tuutazame kwa karibu mchezo mmoja tu, uitwao GoldenEye 007. Tumeuchagua kwa kuwa ulitengenezwa hapa hapa Uingereza. Vijana waliokua katika miaka ya tisini, ambao leo wengi wao ni wazazi, waliucheza. Na tangu Januari 2023 umerejea katika mitambo ya Nintendo Switch na Xbox, hata wajukuu nao wanauchezea.

Asili yake ni filamu ya GoldenEye ya mwaka 1995, ambamo Pierce Brosnan aliigiza jasusi James Bond. Mchezo wenyewe ulitoka Agosti 1997 kwa mtambo wa Nintendo 64. Uliundwa na kampuni ya Rare katika kijiji cha Twycross, Leicestershire, na kikundi cha watu wapatao kumi, wakiongozwa na Martin Hollis. Wengi wao walikuwa hawajapata kutengeneza mchezo wowote kabla ya huo. Hata nyuso za askari wa adui walizitwaa kutoka katika picha za wafanyakazi wenzao. Zikauzwa kaseti zaidi ya milioni 8.

Mchezaji hamwoni Bond. Huona kwa macho ya Bond, na mbele yake umeonekana mkono ulioshika silaha. Anayedhani kazi ni kufyatua tu hafiki mbali. Kabla ya kila safari hupewa waraka wa maagizo, naye hana budi kuusoma. Chukua mfano wa kiwanda cha silaha za kemikali. Bond huingia kwa njia ya bomba la hewa lililo juu ya vyoo. Yampasa afike maabara, aonane na jasusi mwenzake, aharibu matangi ya gesi, na juu ya yote asiwaue wanasayansi, kwani hao si askari. Akiwaua ovyo, safari imeharibika, hata kama maadui wote wamelala chini.

Kunyatia nako kuna hesabu yake. Bastola yenye kizuia sauti haiwashtui walinzi wa vyumba vya mbali. Bunduki yenye kishindo huwaita wote. Kuna kamera za ulinzi za kuvunjwa, na kuna askari ambaye badala ya kupigana hukimbilia kitufe cha king'ora. Tena ziko daraja tatu za ugumu. Kila upandapo daraja, maadui huwa wakali zaidi, na mara nyingi maagizo nayo huongezeka. Katika daraja za juu za kiwanda tulichokitaja, itabidi umtafute daktari aliye mshirika wa siri, naye ndiye akupaye chombo cha kufungulia mlango. Ukimpiga risasi kwa pupa, umejifungia mlango mwenyewe.

Hatusemi kwamba mchezo huu ni chuo cha maadili. Ni mchezo wa kuua, na watengenezaji wenyewe walilijua hilo. Martin Hollis alisimulia mwaka 2015 kwamba Shigeru Miyamoto, mbunifu mashuhuri wa Nintendo, alituma faksi akilalamika kwamba mauaji ya ana kwa ana yamezidi. Alipendekeza kwamba mwishoni Bond aende hospitali akawape mkono maadui wote waliolazwa. Halikufuatwa hilo, lakini wahusika walitambulishwa kama waigizaji wa filamu, ili ifahamike kwamba yote ni maigizo. Huko Marekani ulitajwa kuwafaa vijana wa miaka 13 na zaidi. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba hauhusu, na mzazi asione haya kusema hivyo.

Lakini kwa aliyefikia umri, hofu yetu kubwa si bastola ya kwenye kioo. Hofu yetu ni nyumba iliyogawanyika: mtoto chumbani na Kiingereza chake, mzazi jikoni na Kiswahili chake, na baina yao mlango uliofungwa. Mzazi arudiye usiku kutoka kazini humkuta mwanawe amevaa vipaza sauti masikioni, akizungumza na watu asiowajua.

Hapa mchezo huu wa zamani una jambo la kutufaa. Watu wanne hucheza pamoja mbele ya runinga moja, kioo kimegawanywa sehemu nne, bega kwa bega. Huchunguliana, hutuhumiana, na hujiwekea sheria. Mashuhuri ni ile ya kumkataza mtu asimchague Oddjob, kwa kuwa ni mfupi mno na risasi humpita juu. Katika Switch waweza kuchezwa pia na walio mbali kwa njia ya intaneti. Sisi twapendelea ule wa sebuleni.

Basi rai yetu ni hii. Mtambo utolewe chumbani uwekwe sebuleni. Mzazi aketi, na mtoto asome yale maagizo ya Kiingereza kisha ayaeleze kwa Kiswahili: nani kamtuma huyu jasusi? Kwa nini yule daktari asipigwe? Atakwama kwenye neno "king'ora", atakwama kwenye "kunyatia", nawe utampa. Tumefundisha darasani miaka mingi, na tunajua kwamba neno lililohitajiwa wakati ule ule halisahauliki upesi. Halafu mpokee pedi ucheze. Atakushinda, na atafurahi kukufundisha. Kwa nusu saa hiyo mtakuwa mnazungumza.