KUACHA BANGI: JINSI YA KUVUMILIA SIKU ZA MWANZO



Katika vijiji vyetu wako watu wanaovuta bangi. Wengine ni vijana. Wengine ni watu wazima wenye wake na watoto. Wengi wao wamewahi kusema, "Kesho naacha." Kesho ikafika, wakaacha kweli. Siku ya tatu wakarudi kuvuta. Majirani wakawacheka na kusema, "Hana nia huyo."

Mara nyingi nia wanayo. Tatizo ni kwamba hawakuambiwa mambo yatakayowapata siku za mwanzo. Walipokosa usingizi na kutoka jasho usiku, walidhani wanaumwa au wamerogwa. Wakavuta tena ili wapate nafuu.

Somo hili linaeleza mambo hayo. Kama unavuta, lisome kwa ajili yako. Kama huvuti, lisome kwa ajili ya mwanao, mume wako au ndugu yako.

1. BANGI HUFANYA NINI MWILINI?

Bangi ni mmea. Watu hukausha maua na majani yake, kisha huyasokota katika karatasi na kuvuta. Wengine huchanganya na tumbaku. Kitu kinacholevya ndani yake huitwa THC. Wataalamu wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walikitenga kitu hicho mwaka 1964.

Moshi ukiingia kwenye mapafu, THC huingia katika damu na kufika kwenye ubongo kwa dakika chache. Fikiria ubongo kama nyumba yenye milango mingi midogo. Mwili wetu hujitengenezea funguo za milango hiyo. Funguo hizo husaidia usingizi, hamu ya chakula, kumbukumbu na utulivu wa moyo. THC ni ufunguo wa bandia. Huifungua milango ile kwa nguvu kuliko kawaida.

Mtu akivuta kila siku, ubongo hujihami. Huipunguza milango. Ndiyo maana msokoto mmoja uliomtosha zamani sasa haumtoshi. Huongeza wa pili na wa tatu.

Akiacha ghafla, ufunguo wa bandia haupo tena, na milango iliyobaki ni michache. Hapo usingizi hupotea, chakula hakipiti, na hasira huja bila sababu. Vijana wa mjini huiita hali hiyo arosto. Si uchawi. Ni mwili unaojirekebisha.

Tena, milango ile hurudi. Wataalamu wamepiga picha za ubongo wa watu walioacha bangi. Waliona kwamba milango huanza kurudi katika siku chache za kwanza. Baada ya wiki 4 hivi, ubongo huwa karibu sawa na wa mtu asiyevuta. Kumbuka hesabu hiyo ya wiki 4. Itakusaidia.

2. KWA NINI MTU AACHE?

Si kila anayevuta hushindwa kuacha. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila watu 10 waliowahi kuvuta, mmoja hivi huwa mraibu. Mraibu ni mtu ambaye kitu kimemtawala. Kwa wale walioanza wakiwa wadogo, hatari ni kubwa zaidi. Jiulize maswali haya:

(a) Je, umejaribu kuacha ukashindwa?
(b) Je, unavuta asubuhi kabla ya kwenda shambani?
(c) Je, unatumia fedha za nyumbani kununulia bangi?
(d) Je, umeacha kazi au mikutano ili ukavute?

Kama umejibu ndiyo mara mbili au zaidi, fikiri sana.

Bangi huharibu kumbukumbu. Huleta kikohozi na makohozi. Humfanya mtu achelewe kuona hatari, na hilo ni baya kwa anayeendesha pikipiki au anayeshika panga. Mama mjamzito akivuta, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Watu wengine hupata ugonjwa wa akili: husikia sauti ambazo hazipo, au hudhani kila mtu anataka kuwaua. Hatari hiyo ni kubwa kwa anayevuta sana, aliyeanza mapema, au mwenye ndugu waliowahi kuugua akili.

Siku moja darasani mzee mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona babu zetu walivuta na hawakupata wazimu?" Ni swali zuri. Jibu la kwanza ni kwamba wako waliougua, ila watu walisema ni mashetani. Jibu la pili ni kwamba bangi ya mahali pengi imekuwa kali kuliko ya zamani. Nchini Marekani, bangi iliyokamatwa na serikali ilipimwa. Mwaka 1995, THC ilikuwa sehemu 4 hivi katika kila sehemu 100. Mwaka 2014 ilikuwa sehemu 12 hivi. Hiyo ni mara tatu.

Iko pia sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza, kuwa na bangi na kuitumia. Anayekamatwa anaweza kufungwa. Mke na watoto hubaki peke yao na jembe.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mtu anatumia shilingi 1,000 kila siku kwa bangi.

Kwa wiki: 1,000 x 7 = shilingi 7,000.
Kwa mwezi: 1,000 x 30 = shilingi 30,000.
Kwa mwaka: 1,000 x 365 = shilingi 365,000.

Weka fedha unazotumia wewe mahali pa zile 1,000. Piga hesabu mwenyewe. Kisha fikiri fedha hizo zingenunua nini nyumbani kwako.

3. SIKU ZA MWANZO ZIKOJE?

Watu hawafanani. Aliyevuta mara moja kwa wiki anaweza asione taabu yoyote. Aliyevuta kila siku kwa miaka mingi huona taabu zaidi. Lakini kwa kawaida mambo huenda hivi:

Siku ya 1 hadi ya 3: Mtu huanza kukosa utulivu. Hukasirika upesi. Usingizi huwa wa shida. Chakula hakina ladha.

Siku ya 3 hadi ya 7: Huu ndio mlima wenyewe. Anaweza kutoka jasho usiku, kuumwa kichwa au tumbo, na kutetemeka mikono. Huzuni na wasiwasi huzidi. Hamu ya kuvuta huwa kali.

Wiki ya 2: Taabu huanza kupungua. Hamu ya chakula hurudi.

Wiki ya 3 na ya 4: Wengi huwa na nafuu kubwa. Usingizi peke yake huweza kuchelewa kutulia. Ndoto huwa nyingi na za ajabu, hata mtu huota anavuta. Ndoto hizo si dalili mbaya. Hupita.

Wengi wanaoshindwa hushindwa katika wiki ya kwanza. Hurudi nyuma wakiwa karibu na kilele cha mlima, bila kujua kwamba upande wa pili ni mteremko.

4. JITAYARISHE

Chagua siku ya kuacha. Usichague siku ya sherehe wala siku ya kulipwa mazao. Kabla ya siku hiyo, fanya mambo manne.

Kwanza, mwambie mtu mmoja unayemwamini: mke wako, kaka yako au rafiki asiyevuta. Mwambie pia kwamba kwa wiki mbili unaweza kuwa na hasira, na akuvumilie.

Pili, toa nyumbani bangi yote, karatasi za kusokotea na kiko. Usifiche kidogo "kwa dharura." Dharura itafika usiku ule ule.

Tatu, panga njia nyingine ya kupita. Kama kijiwe cha wavutaji kiko karibu na kisima, nenda kisimani saa ambayo hawapo.

Nne, panga kazi za wiki ya kwanza. Kulima, kufyatua matofali, kurekebisha paa: kazi hizi huchosha mwili, na mwili uliochoka hulala. Lakini usipande juu ya paa siku mikono inapotetemeka.

5. VUMILIA

Hamu ya kuvuta huja kama wimbi la bahari. Hupanda, hufika juu, kisha hushuka. Mara nyingi haimalizi hata nusu saa. Usipigane nayo mchana kutwa. Ipitishe tu nusu saa hiyo. Ikija, fanya haya:

(a) Sema, "Sasa hivi hapana." Subiri.
(b) Vuta pumzi polepole, uiachie polepole, mara kumi.
(c) Kunywa kikombe cha maji.
(d) Ondoka ulipo. Nenda kafanye jambo jingine.

Kuhusu usingizi: lala na kuamka saa ile ile kila siku. Usinywe kahawa wala chai ya majani kuanzia alasiri. Oga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Usingizi usipokuja, inuka, kaa kimya kidogo, kisha rudi kitandani. Hutadhurika kwa kulala kidogo siku chache.

Kuhusu chakula: kula kidogo kidogo mara nyingi. Uji, ndizi na matunda hupita hata tumbo likikataa ugali. Kunywa maji ya kutosha, kwa sababu jasho hupunguza maji mwilini.

Usibadilishe ugonjwa kwa ugonjwa. Watu wengine huacha bangi wakaanza gongo, mirungi au vidonge vya usingizi wanavyonunua bila kuandikiwa na daktari. Huko ni kuhama chumba katika nyumba ile ile inayoungua.

6. NENO KWA WATU WA NYUMBANI

Kumpiga au kumfunga kamba anayeacha bangi hakumsaidii. Kumtukana mbele ya watoto humrudisha kijiweni, kwa kuwa huko hatukanwi. Katika wiki mbili za kwanza, vumilieni hasira zake, lakini msikubali awapige. Akiwa mkali, ondokeni na mwite mzee anayemheshimu.

Mpeni chakula, kazi na mazungumzo. Akifikisha siku 7, mwambieni mmeona. Neno moja la shukrani kutoka kwa mama au mke lina nguvu kubwa.

7. WAKATI WA KWENDA ZAHANATI

Taabu za kuacha bangi peke yake kwa kawaida haziui. Watu wengi hupona wakiwa nyumbani. Lakini nenda upesi kwenye zahanati au kituo cha afya ukiona mambo haya:

(a) Anasikia sauti au kuona vitu ambavyo hawaoni wengine.
(b) Anasema anataka kufa au kujidhuru. Usimwache peke yake hata kidogo.
(c) Anatapika sana au hawezi kunywa maji.
(d) Alikuwa akinywa gongo au pombe kali kila siku pamoja na bangi. Kuacha pombe ghafla kunaweza kuleta kifafa na hata kifo. Mtu huyo aongozwe na mganga wa hospitali tangu siku ya kwanza.

Ukifika, mwambie mganga kweli. Mficha maradhi kifo humwumbua. Kazi yake ni kukutibu na kutunza siri yako. Akiona ni lazima, atakupeleka hospitali kubwa yenye madaktari wa akili, kama Mirembe iliyoko Dodoma au Muhimbili iliyoko Dar es Salaam.

Usidanganywe na mtu anayeuza dawa ya kumaliza bangi kwa siku moja. Hadi sasa haijathibitishwa dawa ya kuondoa uraibu wa bangi. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni kwa wanaotumia heroini, si kwa wavutaji wa bangi. Kinachosaidia mvutaji wa bangi ni ushauri wa mara kwa mara, msaada wa watu wake, na muda.

8. UKITELEZA

Wengi huacha zaidi ya mara moja kabla ya kuacha kabisa. Ukivuta msokoto mmoja baada ya siku 12, usiseme, "Basi, nimeshindwa, nivute tu." Kuteleza si kuanguka. Zile siku 12 ulizishinda kweli. Jiulize: nilikuwa wapi? Nilikuwa na nani? Nilikuwa na hasira, njaa au upweke? Jibu litakuonyesha mahali pa kuziba. Anza tena siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Chukua karatasi, andika namba 1 hadi 28, uibandike ukutani. Kila jioni uliyomaliza bila kuvuta, kata namba moja kwa kalamu. Ukifika namba 7, umevuka mlima. Ukifika 28, soma tena sehemu ya kwanza ya somo hili, pale paliposema juu ya wiki 4.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mvutaji wa kila siku huongeza misokoto?
2. Taja mambo matatu yanayompata mtu katika wiki ya kwanza ya kuacha.
3. Kwa nini anayekunywa gongo kila siku asiache bila kumwona mganga?
4. Mtu anatumia shilingi 1,500 kwa siku kununua bangi. Kwa siku 28 ametumia shilingi ngapi?
5. Kijana wa kijiji chenu anataka kuacha bangi. Darasa lenu linaweza kumsaidia kwa njia gani? Zungumzeni, kisha andikeni mambo mawili mtakayoyafanya.